Ubwari si kisiwa: historia inayoonekana kutoka mpando wa Fizi

Lweba, teritware ya Fizi. – Mzee mmoja aliyekimbilia hapa kwetu pamoja na jamaa yake aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Ilikuwa asubuhi, tumesimama ufukoni, wavuvi wanashusha dagaa. Akainua fimbo yake akaonyesha milima ya Ubwari ng'ambo ya maji.

"Mwanangu, kule kisiwani mwenye bunduki hawezi kufika kwa miguu, si ndiyo?"

Nikamjibu, "Mzee, kule si kisiwa."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Ukisimama hapa Lweba, Ubwari imelala mbele yako kama mtu aliyejinyoosha kitandani, maji huku na, kwa jinsi jicho linavyoona, maji kule. Hakuna kinachokuonyesha kwamba upande wa kusini nchi kavu imeishika ile milima na kuiunga na bara letu. Watoto wengi wa hapa wanasema "kisiwani" bila kufikiri. Hata mimi nilikua nikisema hivyo.

Kumbe mzee alikuwa na hesabu yake. Alitaka binti yake na wajukuu wapande boti waende kule, kwa sababu wameshahama mara nyingi na amechoka kusikia kwamba wenye silaha wanakuja kwa njia hii au ile. Kisiwa, alidhani, hakina njia. Nauli alikuwa ameanza kuitafuta. Nikaona maneno yangu peke yake hayatatosha. Nikamwambia: twende Baraka, tukamate motari wawili, tupande barabara ya Fizi, ukaone kwa macho yako.

Basi wasikilizaji na wasomaji wetu, ninyi wenyeji na ninyi mliohamia, safari hiyo ndiyo ninayoisimulia, pamoja na habari za wale waliotazama ziwa kutoka pale juu kabla yetu. Si wengi waliokuwa na nia ya kutazama tu.

Barabara yenyewe ni ile ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu na Uvira, inapita katika vijiji vyetu vya pwani hadi Baraka, halafu inaliacha ziwa, inapanda kwenda Fizi-centre, na kuendelea Lulimba, Misisi mpaka Kalemie. Kati ya Baraka na Fizi ni kilomita 30 na kitu. Kwenye karatasi si mbali. Wakati wa mvua ni mbali sana, maana mito inayoshuka milimani ikifurika hukata barabara, na lori likikwama kwenye matope kila mtu analala pale alipo. Sisi tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, siku moja baada ya mvua ya kwanza. Nilichagua siku hiyo kwa makusudi. Katikati ya kiangazi moshi wa majani yanayochomwa hujaa hewani na ziwa linakuwa kama limefunikwa shuka. Mvua ya kwanza ikinyesha, hewa inasafishwa, unaona mbali.

Mpando unaanza taratibu. Minazi na mashamba ya mihogo ya tambarare yanabaki nyuma, kisha kona, kisha kona nyingine, na masikio yanaanza kuziba kidogo. Uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya bahari, na Fizi iko mamia ya mita juu ya hapo. Hakuna kibao wala ukuta wa kukaa mtalii. Kuna ukingo tu wa barabara, majani, na mahali ambapo motari wenyewe wamezoea kusimama ili pikipiki zipumue.

Tukasimama. Nikamwambia mzee ageuke.

Chini kabisa ilikuwa Baraka na mabati yake yanang'aa. Mbele yake maji ya ghuba, yametulia. Ng'ambo ya ghuba, Ubwari yote, na kule nyuma ya Ubwari ziwa kubwa lenyewe lenye rangi nyingine, bluu iliyokolea, mpaka ukungu wa upande wa Burundi na Tanzania. Na upande wa kulia, pale ambapo kutoka Lweba huoni kitu, ardhi inateremka, inakuwa nyembamba, inaishika milima. Hakuna maji ya kupita katikati. Mzee alifuata ule ukanda kwa kidole, polepole, toka bara hadi Ubwari, akarudi, akafuata tena.

Nikamwambia asijione mjinga. Kosa lake liliwahi kuchapishwa kitabuni London.

Mwaka 1858, mwezi wa 2, Waingereza wawili walifika Ujiji kwa njia ya misafara kutoka pwani: Richard Burton na John Speke. Walikuwa wagonjwa. Speke macho yalikuwa yamevimba kiasi kwamba siku walipofika juu ya ziwa kwa mara ya kwanza hakuweza kuliona sawasawa. Burton ulimi ulijaa vidonda, kuongea kulimshinda. Mwezi wa 4 walichukua mitumbwi, wakaongozwa na Kannena, chifu wa Kawele pale Ujiji, wakapanda kaskazini kwa kufuata ukingo wa mashariki, halafu wakavuka kuja Ubwari, wakaendelea upande wetu wa magharibi hadi Uvira. Walikuwa wanautafuta mto Rusizi. Burton alitumaini kwamba Rusizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Huko Uvira wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia ziwani, hautoki. Tumaini likafia hapo.

Na Ubwari? Burton aliipita kwa mtumbwi, akaiandika kuwa kisiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860, na kisiwa kikaingia katika elimu ya Wazungu. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua yake iitwayo Lady Alice, na ramani zikaanza kusahihishwa. Kinachonichekesha kila mara ni hiki: maji haya ya mbele ya Baraka mpaka leo yanaitwa Ghuba ya Burton. Lakini kama Ubwari ingekuwa kisiwa kama alivyosema, ghuba isingekuwapo. Mtu alipewa zawadi ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakujua kwamba kipo.

Babwari, Basanze, Bazoba na Bagoma, watu wa Ubwari, hawakuhitaji Lady Alice. Walitoka na kuingia kwao kwa miguu. Elimu hiyo ilikuwa kwenye nyayo zao, lakini mgeni aliyelala ndani ya mtumbwi na homa aliandika alichokiona kutoka majini. Mtu wa majini na mtu wa mlimani hawaoni nchi moja.

Wabelgiji walilielewa hilo mapema. Watu walikuwa wengi pwani, samaki wako pwani, boti zinafika Baraka. Lakini makao ya teritware yaliwekwa Fizi, juu. Wazee watakwambia ni kwa sababu ya hewa na mbu. Nakubali. Ila ukisimama pale mpandoni unaona na sababu nyingine, ambayo haihitaji kuelezwa sana: aliye juu anaona nani anakuja. Wakati wa ukoloni kazi za lazima ndizo zilizotengeneza barabara nyingi za nchi hii, kwa jembe na kwa mikono, na wengi waliolima barabara hawakuwa na gari la kupita juu yake.

Halafu kikaja kile ambacho wazee wetu wanakiita wakati wa Mulele. Uvira ilichukuliwa na waasi mwezi wa 5 mwaka 1964, na nchi yote hii ya Fizi ikawa mikononi mwao. Mwaka uliofuata, tarehe 24 mwezi wa 4, boti ilitoka Kigoma usiku ikafika Kibamba, kijiji cha pwani kusini kwetu. Ndani yake alikuwamo Ernesto Che Guevara, Muargentina aliyekuwa waziri huko Cuba. Jina lake hapa lilikuwa Tatu. Waliamua kujiita kwa hesabu ya Kiswahili: Moja alikuwa Víctor Dreke, Mbili alikuwa José María Martínez Tamayo, naye Tatu, ili asijulikane kwamba ndiye mkubwa. Baadaye Wacuba walifika zaidi ya mia moja.

Kambi yao kuu haikuwa pwani. Ilikuwa mlimani juu ya Kibamba, mahali walipopaita Luluabourg, na kuipanda njia hiyo na mizigo kuliwatesa vibaya wageni hao. Che alipita pia Baraka na Fizi. Maandishi aliyoyaacha kuhusu Kongo yamejaa lawama, nyingine kwa wapiganaji, nyingine kwa viongozi waliokaa ng'ambo, nyingine kwa yeye mwenyewe. Moja ya malalamiko yake inahusu vilima hasa. Wapiganaji walikaa juu kwenye vilele, wakimtazama adui kwa mbali bila kumkaribia, na kuwachosha wanakijiji kwa chakula. Tarehe 29 mwezi wa 6 waliishambulia Bendera, penye mtambo wa umeme, wakashindwa. Wacuba wanne walikufa. Laurent-Désiré Kabila alikuja mwezi wa 7, akakaa siku chache, akaondoka.

Mwishoni mwa mwezi wa 9, mwaka huo huo wa 1965, mamluki wa Mike Hoare waliteremka Baraka kwa boti zilizotoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Vita ya Baraka ilichukua siku kadhaa, kisha wakapanda barabara hii hii tuliyoipanda sisi na motari. Ndege zilizowasaidia zilirushwa na Wacuba wengine, waliomkimbia Castro na kulipwa na Wamarekani. Yaani Wacuba kwa Wacuba walipigana katika nchi ya Babembe, na watu wa hapa wakakimbilia msituni. Usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa 11, Che alivuka ziwa kurudi Kigoma.

Mzee alisikiliza yote haya akitafuna muhogo. Alipofikia mahali pa wapiganaji waliokaa kileleni wakitazama, akacheka kidogo. "Kuona mashua inakuja si kuizuia," akasema.

Kabila hakuachana na milima yetu. Mwaka 1967 yeye na wenzake walianzisha chama cha PRP, na eneo lao katika milima ya Fizi wakaliita Hewa Bora. Jina zuri, na kwa hewa yenyewe hawakudanganya. Kulikuwa na mashamba, shule, dhahabu iliyouzwa ng'ambo, na pia amri na adhabu. Mwaka 1975 watu wake walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja, waliokuwa wanachunguza sokwe huko Gombe pamoja na Jane Goodall. Kwa miaka mingi mtu wa pwani aliyetazama juu alijua kuna serikali moja chini na nyingine mlimani, na zote mbili zinahitaji kula. Mtu aliyejificha huko ndiye aliyeingia Kinshasa mwezi wa 5 mwaka 1997 akawa rais.

Njia aliyoingilia ilipita juu ya vichwa vyetu. Oktoba 1996 vita ilipoteremka kutoka kaskazini na Uvira ikaanguka, watu wa pwani walipanda chochote kinachoelea. Nyumbani kwetu walivuka usiku, na mimi nilikuwa mgongoni. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo huo. Wengine walirudi mwaka 1997, wakakimbia tena mwaka 1998. Waliokaa Lugufu na Nyarugusu walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka mwezi wa 10 mwaka 2005.

Nataka nikae kidogo kwenye meli hizo, kwa sababu wengi wenu mnaonisikiliza mlikuwamo. Meli haiwezi kwenda Baraka moja kwa moja kutoka Kigoma, kwa kuwa Ubwari imeziba. Lazima iende kaskazini, izunguke rasi ya Banza, halafu iingie ghubani kwa kurudi kusini. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha nyumbani ambacho mkimbizi alikiona ni mgongo wa Ubwari. Akazungushwa, akazungushwa, milima ikamfungukia upande mwingine, ndipo akaona Lweba na pwani yetu kulia kwake na Baraka mbele. Mama mmoja wa jirani yangu husema alihesabu miti. Watoto waliozaliwa kambini waliuliza mbona tunakipita kisiwa, mbona hatushuki.

Ndiyo maana ule ukanda wa nchi kavu una maana kwangu zaidi ya jiografia. Tumeondoka kwa maji na kurudi kwa maji, na mtu wa maji anakiona kisiwa kila upande.

Ukiwa juu unaona pia mambo mapya. Unaona mahali ziwa lilipopanda. Tangu 2020, na zaidi mwaka 2024, maji yameingia katika nyumba za watu wa pwani, Baraka kama vile Uvira na Kalemie, na kutoka mpandoni mstari wa zamani wa ufuko hauonekani tena. Unajua upande gani ziko Lusenda na Mulongwe, walikopewa hifadhi ndugu zetu Warundi. Inafaa kukumbuka hilo tunapohesabu nani ni mgeni hapa. Mwaka huu mtu anapokea mkimbizi, mwaka ujao anatafuta boti.

Kwa anayetaka kwenda, nisimdanganye. Ulizia kwanza hali ya barabara na ya usalama kwa motari waliotoka Fizi siku hiyo hiyo, si wa jana. Ondoka Baraka asubuhi, ili jua liwe bado upande wa ziwa bila kukupiga sana, na uteremke kabla ya saa tisa. Kwenye bariyeri tulilipishwa bila karatasi, kwenda na kurudi, na mzee aliyekuwa hana kitu alilipishwa sawa na mimi. Simu iache mfukoni ukiona sare yoyote. Picha ya ziwa si kosa, lakini kueleza hivyo mbele ya kijana mwenye bunduki ni kazi ndefu. Na usitoke barabarani kufuata vijia vya majani kwa ajili ya kuona vizuri zaidi. Barabarani panatosha.

Nikipewa nafasi, ningetaka walimu wa huku pwani wawapeleke wanafunzi wa darasa la sita pale juu, hata mara moja, pamoja na watoto waliohamia. Wanafundishwa ghuba ni nini na rasi ni nini kwa chaki ubaoni, na zote mbili ziko pale chini, kubwa, bure. Sijasikia shule iliyofanya hivyo. Nauli ni sababu, na hofu ni sababu, na zote nazielewa.

Narudi kwa mzee wangu. Alipomaliza kuufuata ule ukanda kwa kidole, aliuliza maswali mawili tu.

"Basi wanaweza kutembea mpaka kule?"

"Wanaweza, mzee."

"Na sisi tukiwa kule, tunaweza kutoka kwa miguu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia ndiyo, njia ya kuingia ndiyo ya kutokea. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kama binti yake ataenda Ubwari au la, hakuniambia, na si juu yangu kuuliza.

Motari wakaanza kupiga honi. Lakini mzee alikuwa ameshaligeuzia ziwa mgongo. Alikuwa anatazama kaskazini magharibi, upande wa milima inayopanda kwenda Itombwe, alikotoka, safu juu ya safu mpaka inakuwa rangi ya majivu. Akaniomba nimpe macho yangu, kwa sababu ni ya kijana. Pale, kwenye bonde la pili, kuna moshi? Ulikuwapo, mwembamba, umesimama wima kwa kuwa upepo haukuwapo.

"Ni wa shamba au wa nyumba?"

Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kutoka pale haikuwezekana kujua.